Unyayo au Mzigo? Historia ya Istilahi Moja

Wafasiri wengi siku hizi huandika "unyayo wa kaboni". Yafaa tuchunguze asili ya istilahi hiyo. Mwaka 1992 William Rees, mtaalamu wa Kanada, alitumia unyayo kuwa kipimo cha eneo la ardhi linalohitajika kukidhi mahitaji ya watu. Baadaye neno lilihamishiwa kwenye hewaukaa, ambayo hupimwa kwa uzito, si kwa eneo.

Athari yake tutaiona tukitazama Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Kinondoni. Kompyuta hazitoi moshi; hutumia umeme, na viyoyozi vinavyozipoza katika joto la Dar es Salaam navyo hutumia umeme. Tangu mwaka 2007 wataalamu hugawanya umeme wote wa kituo kwa umeme wa kompyuta peke yake: tuseme kilowati 150 kwa 100, uwiano ni 1.5. Lakini huo bado si hesabu ya hewaukaa. Sharti tuulize umeme umetoka wapi: katika gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, au katika maji ya Rufiji, yaliyoanza kuuzalisha kwenye Bwawa la Julius Nyerere mwaka 2024? Jenereta nayo hutoa kilo 2.7 hivi za hewaukaa kwa kila lita ya dizeli.

Kwa kuwa hesabu yote ni ya kilo na tani, twapendekeza "mzigo wa hewaukaa", ili mtumishi anayejaza taarifa ajue kwamba anaulizwa uzito. Twawaomba wasomaji watoe maoni yao.