Mita 50 kwa mgongo: Mbio za sekunde 24 na funzo lake kwa wakazi wa Homa Bay na Migori

KATIKA mashindano yote ya uogeleaji, ni mbio za kuogelea kwa mgongo pekee ambazo mshindani huzianza na kuzimaliza bila kuona anakoelekea. Hulala chali juu ya maji, uso ukielekea juu, huku mikono ikipishana kurudi nyuma ya kichwa na miguu ikipiga maji pasipo kukoma. Ukuta wa mwisho hauoni. Huukadiria kwa kuhesabu mapigo ya mikono tangu anapopita chini ya kamba ya bendera ndogo zilizotundikwa mita tano kabla ya ukuta huo.

Mbio fupi kuliko zote za mtindo huu ni za mita 50. Kidimbwi cha kimataifa kina urefu wa mita 50, hivyo muogeleaji hukipita mara moja tu, wala hapana kugeuka. Wanaume walio bora duniani huzimaliza kwa takriban sekunde 24. Kwa miaka mingi mbio hizi zilikuwemo katika mashindano ya dunia lakini si katika Olimpiki. Mnamo Aprili 2025, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha ziingizwe katika Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028, kwa wanaume na kwa wanawake.

Habari hiyo inawahusu pia wakazi wa kaunti za Homa Bay na Migori, ambako maelfu ya familia hutegemea Ziwa Victoria kwa riziki na usafiri. Mkao wa mwili unaompa bingwa nishani kidimbwini ndio huohuo unaoweza kumweka hai mvuvi ambaye mashua yake imepinduka usiku.

CHANZO CHA MBIO HIZI

Kuogelea kwa mgongo kuliingia katika Olimpiki mwaka 1900 mjini Paris. Mashindano ya dunia ya uogeleaji yalianza mwaka 1973 mjini Belgrade, lakini mita 50 za mtindo huu hazikushindaniwa huko hadi mwaka 2001 mjini Fukuoka, Japani. Mshindi wa kwanza wa wanaume alikuwa Mmarekani Randall Bal, aliyetumia sekunde 25.34. Miaka miwili baadaye, mjini Barcelona, Mjerumani Thomas Rupprath alishinda kwa sekunde 24.80, rekodi ya dunia wakati huo.

Afrika ilipata dhahabu yake mwaka 2007 mjini Melbourne, Australia. Gerhard Zandberg wa Afrika Kusini aligusa ukuta kwa sekunde 24.98, akawaacha nyuma Rupprath na Mwingereza Liam Tancock. Zandberg alikuwa amepata shaba mwaka 2003, na aliipata tena mwaka 2009 na mwaka 2011.

Mwaka 2009 mjini Roma, Tancock aliweka rekodi ya sekunde 24.04. Huo ulikuwa wakati wa mavazi ya plastiki yaliyowasaidia waogeleaji kuelea na kuteleza majini, na ambayo yalipigwa marufuku kuanzia mwaka 2010. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2018, ilipovunjwa na Mrusi Kliment Kolesnikov kwa sekunde 24.00. Baina ya hapo, Mfaransa Camille Lacourt alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, mwaka 2013, 2015 na 2017.

Dhahabu ilirejea Afrika mwaka 2019 mjini Gwangju, Korea Kusini, kupitia kwa Zane Waddell wa Afrika Kusini aliyetumia sekunde 24.43. Katika mashindano ya Singapore ya mwaka 2025, Kolesnikov alishinda kwa sekunde 23.68, naye Pieter Coetze, Mwafrika Kusini mwingine, akagawana fedha na Pavel Samusenko kwa sekunde 24.17 kila mmoja. Coetze alikuwa tayari ametwaa dhahabu ya mita 100 katika mashindano hayohayo.

KANUNI ZAKE

Mbio hizi huanzia ndani ya maji. Waogeleaji hushika vyuma vilivyo mbele ya jukwaa la kuanzia, nyuso zikielekea ukutani na nyayo zikiukanyaga ukuta. Ishara inapotolewa, hujirusha nyuma kwa mgongo na kuzama. Chini ya maji hujipinda kama pomboo, mikono ikiwa imenyooshwa mbele ya kichwa, kwa sababu mwili uliozama kidogo hukutana na ukinzani mdogo kuliko ule unaopasua mawimbi ya juu.

Faida hiyo ndiyo iliyozaa kanuni ya mita 15. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mmarekani David Berkoff alikuwa akienda takriban mita 35 chini ya maji kabla ya kuibuka. Wakuu wa mchezo waliona kwamba kuogelea kwa mgongo kunageuka kuwa kupiga mbizi, wakaweka mpaka wa mita 10, kisha mita 15. Leo kichwa cha muogeleaji sharti kiwe kimetokeza juu ya maji afikapo mita 15, la sivyo anaondolewa mashindanoni.

Kanuni nyingine ilizua mzozo mkubwa mwaka 2022 mjini Budapest. Mmarekani Justin Ress alimaliza wa kwanza kwa sekunde 24.12, akafuatwa na mwenzake Hunter Armstrong kwa 24.14. Waamuzi walimwondoa Ress kwa madai kwamba mwili wake wote ulikuwa umezama alipogusa ukuta. Rufaa ilikatwa, picha zikatazamwa upya, naye akarudishiwa dhahabu. Mwaka uliofuata kanuni ilibadilishwa: muogeleaji anaruhusiwa kuzama kabisa akishapita alama ya mita tano za mwisho.

KENYA IKO WAPI?

Kenya imewahi kutoa waogeleaji wa kimataifa, ingawa sifa yake kubwa haikutokana na mtindo huu. Jason Dunford aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo mjini Beijing mwaka 2008, akamaliza wa tano katika fainali. Mwaka 2010 alishinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Kwa upande wa mgongo, Hamdan Bayusuf na Talisa Lanoe waliiwakilisha Kenya katika mita 100 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Kidimbwi mashuhuri zaidi cha mita 50 nchini kipo Kasarani, jijini Nairobi, katika uwanja uliotumiwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Mtoto aliyezaliwa Mbita, Kendu Bay, Sori au Muhuru Bay huyaona maji kila siku ya maisha yake, lakini yu mbali na kidimbwi hicho kuliko mtoto wa jijini ambaye hajawahi kuliona ziwa.

Ziwa lenyewe haliwezi kuwa kidimbwi. Ufuoni penye magugu huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa uliozoeleka katika vijiji vya ziwani. Kuna viboko na mamba. Magugu maji huziba ghuba kwa misimu, na upepo wa ghafla huinua mawimbi. Hata hivyo watu hawana budi kuingia ziwani. Wavuvi wa omena hutoka usiku na taa zao. Wakazi wa Mfangano, Takawiri na Remba huvuka kwa mashua kwenda sokoni, hospitalini na shuleni. Wapo wanaofanya hivyo miaka nenda miaka rudi bila kujua kuogelea.

MKAO UNAOOKOA

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa huko ndiko humwongezea hatari. Mtu aliyeanguka majini kwa hofu huinua mikono na kichwa akitafuta hewa. Kila kiungo kinachotoka nje ya maji hakielei tena, bali huwa mzigo unaousukuma mwili chini. Nguvu humwishia baada ya muda mfupi.

Anayelala chali hufanya kinyume chake. Kichwa hulazwa nyuma hadi masikio yaingie majini, kifua huinuliwa, mikono hutandazwa kando. Mapafu yaliyojaa hewa huubeba mwili kama boya, na mdomo na pua hubaki juu. Pumzi huvutwa kwa kina na kuachiliwa polepole. Akishatulia, anaweza kupiga miguu taratibu kuelekea mashua au nchi kavu, akihifadhi nguvu zake. Stadi hii haichukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha, ambalo kila anayepanda mashua anapaswa kulivaa. Ni akiba ya yule ambaye jaketi limemkosa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya hatua linazopendekeza ni kuwafundisha watoto kuanzia miaka sita kuogelea na kujiokoa.

Kazi hiyo haihitaji kidimbwi cha Olimpiki. Nchini Bangladesh, watoto wamefundishwa katika mabwawa ya vijijini kwa kujenga jukwaa na uzio wa mianzi ndani ya maji ya kina kifupi. Karibu na kwetu, huko Nungwi kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea baharini wakiwa wamevaa mavazi yanayoheshimu desturi zao. Kwa ufuo wa ziwa letu, pangehitajika mahali palipochunguzwa na maafisa wa afya dhidi ya kichocho, au kidimbwi kidogo cha mita 25 katika mji kama Homa Bay au Migori, pamoja na walimu waliofunzwa uokoaji.

Mnamo Juni 1, 2025, sherehe za Madaraka zilifanyika Homa Bay katika Uwanja wa Raila Odinga, mada yake kuu ikiwa uchumi wa samawati, yaani utajiri wa bahari, maziwa na mito. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, viwanja na vifaa vya michezo vya mashinani, hali kadhalika feri na bandari za kaunti, ni jukumu la serikali za kaunti. Shule za msingi zi chini ya serikali kuu. Mtoto wa ziwani hatafundishwa kuelea mpaka pande hizo mbili zikubaliane ni nani atakayemlipa mwalimu na ni nani atakayetenga mahali.

Huenda hakuna mwana wa Nyatike au Suba atakayesimama jukwaani Los Angeles mwaka 2028. Lakini uchumi unaojengwa juu ya maji unahitaji kwanza watu wanaoweza kubaki hai ndani yake, na somo la kulala chali laweza kuanza kabla ya mashindano hayo kufika.