Uyoga wenye umbo la sikio hutambuliwaje?

Mvua zinapokolea katika miteremko iliyo juu ya mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, uyoga unaofanana na sikio huweza kuonekana kwenye magogo yaliyooza. Kwa kawaida huo ni wa jamii ya Auricularia, ambao huliwa katika nchi kadhaa za Afrika na Asia. Barani Ulaya kuna sikio jingine: Otidea onotica, uyoga wa kikombe unaoota katika misitu ya misonobari na miti mingine. Anayetazama umbo peke yake atavichanganya.

Cha kwanza kuchunguzwa ni mahali. Auricularia hushika mti uliokufa. Otidea hutoka ardhini, kwani nyuzi zake huaminika kushirikiana na mizizi ya miti hai. Hapo historia ya msitu ina uzito. Msonobari si mti wa asili nchini Rwanda. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya msitu wa Gishwati ilifyekwa kupisha malisho na misonobari ya kupandwa. Uyoga unaotegemea mizizi ya misonobari ni mgeni kama miti yenyewe, na ujuzi wa wazee juu ya uyoga wa msitu wa asili, hata uwe mpana kiasi gani, hautoshi kuuhukumu.

Cha pili ni mguso. Auricularia ni laini na hunyumbuka kama mpira. Ukikauka hukakamaa, ukiloweshwa hurudia hali yake. Otidea huvunjika upesi. Rangi yake ni ya manjano iliyoiva, mara nyingi yenye wekundu hafifu kwa ndani, na kikombe chake kimepasuka upande mmoja hadi chini. Ukipuliziwa pumzi, huweza kutoa chembe zake za uzazi kama moshi mwembamba.

Hata hivyo, kuujua si ruhusa ya kuula. Vitabu havikubaliani kuhusu Otidea kama chakula, na katika oda hiyohiyo ya uyoga wa vikombe imo Gyromitra, yenye sumu inayoweza kuua. Dalili zake, kama kutapika na kuumwa tumbo, huchelewa kwa saa kadhaa baada ya mlo. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga alioula, mabichi au yaliyopikwa.