Waliounda Redio Tuliyoisikiliza

Nilikwenda Mkomaindo kumwona mgonjwa, nikarudi na habari ya redio.

Anayeijua Masasi anajua kwamba ukitaja Mkomaindo, wengi watafikiria hospitali kwanza. Lakini nyuma ya hospitali kuna maisha: nyumba za bati, mikorosho na vibanda vya mafundi. Katika kibanda kimoja nilimkuta mzee anayekaribia miaka themanini akichokonoa tumbo la redio ya zamani kwa bisibisi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika marahaba bila kuinua macho, kisha akaniuliza kama natafuta chaja. Nilikuwa natafuta chaja kweli. Tulipomaliza kucheka, nikauliza ufundi ule aliupata wapi. "Kiwandani," akasema, "nilikokaa miaka kumi na minane."

Jina la kiwanda chake aliniomba nisiliandike, nami nimekubali. Inatosha kusema kilikuwa tawi la kampuni kubwa ya ng'ambo ya vifaa vya umeme. Aliajiriwa mwaka 1969, akapunguzwa mwaka 1987. Nilimuuliza swali jepesi tu: kazi ile uliipendea nini, na ulichukia nini? Jibu lake lilimaliza alasiri nzima.

Hebu tuanze na wakati wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilitaka viwanda, na kampuni za vifaa vya umeme zilitaka masoko. Matsushita ya Japani ilikuja Dar es Salaam, na betri za National zikaenea hadi kwenye maduka ya vijijini. Philips ya Uholanzi ikawa na kiwanda cha redio Arusha. Redio ya transista ilikuwa imeshabadilisha mambo, maana haikuhitaji umeme wa waya. Ilihitaji betri tu, na mtu wa kuzinunua.

Kijana wa Masasi au Newala aliyekwenda kutafuta kazi huko hakuwa wa kwanza kuondoka nyanda hizi kwa ajili ya mshahara. Baba na babu zake walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, wengine hadi Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa wakati wa kuandikishwa. Kwa hiyo mzee wangu alipopewa kadi yenye namba siku ya kwanza kiwandani, moyo ulimshtuka. Alidhani ametoka Masasi kwenda kuwa manamba wa mjini.

Haikuwa hivyo, na hapa ndipo sifa zilipoanzia. Mshahara ulitoka tarehe yake. Alipewa ovaroli mbili. Kulikuwa na kantini, na chakula chake anakikumbuka hadi leo, hasa maharage ya Ijumaa. Zaidi ya hayo, kulikuwa na sheria. Sheria ya mwaka 1964 ya usalama wa ajira ilizuia mwajiri kumfukuza mtu ovyo, na ikaleta kamati za wafanyakazi kazini. Mwaka huohuo ulianzishwa mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, NPF. Manamba wa mkonge hakuwa na vitu hivyo.

Kampuni zenyewe nazo zilikuja na desturi zao. Philips, iliyoanzishwa Eindhoven mwaka 1891, ilijenga mtaa mzima wa nyumba za wafanyakazi kuanzia 1910. Timu ya PSV unayoiona kwenye televisheni ilianza mwaka 1913 kama timu ya wafanyakazi wa Philips. Kule Osaka, Konosuke Matsushita alianzisha kampuni yake mwaka 1918. Mdororo wa uchumi ulipoibana mwishoni mwa 1929, alipunguza uzalishaji hadi nusu siku bila kumfukuza mtu na bila kukata mishahara, na wafanyakazi wakatumia muda uliobaki kuuza bidhaa zilizojaa ghalani. Mwaka 1933 aliweka kanuni za kampuni zilizosomwa kwa pamoja kila asubuhi kabla ya kazi, karibu kama sala.

Ukisoma historia hizo unaona ahadi moja: toa utii, nasi tutakutunza. Ni ahadi nzuri. Lakini aliyeiandika ni yule anayetunza. Historia ya anayetunzwa inasemaje?

Mzee aliweka bisibisi chini akaanza kuhesabu kwa vidole. La kwanza, geti. Kila jioni walipanga foleni wakapekuliwa, mikono juu, mtu mzima mwenye watoto anapapaswa kiunoni kana kwamba ni kibaka. La pili, choo. Uliomba ruhusa, na dakika zilihesabiwa. La tatu, vyeo. Miaka kumi na minane aliona wasimamizi wakija kutoka nje na kuondoka, akawafundisha wawili kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kupewa cheo chake.

La nne lilikuwa likizo, nalo linahitaji maelezo kwa wasioijua Kusini ya zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakipiga barabara ilifunga siku nyingi. Likizo ya mtu wa Masasi ililiwa njiani. Mwenzake wa Morogoro alifika kwao jioni ileile. Yeye aliwahi kufika, akalala siku tatu, akaanza kurudi. Mama yake alimuuliza kama amefukuzwa kazi.

Sasa, malalamiko haya si ya mzee mmoja. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na aya yake ya kumi na tano ikakemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliisoma aya hiyo kwa makini kuliko viongozi walivyotarajia. Kuanzia mwaka huo hadi 1973, viwanda vingi vilikumbwa na migomo, na Issa Shivji alipoiandika historia yake alionyesha jambo ambalo bado linashangaza: madai mengi hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya matusi, ubabe na kudharauliwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikichukua kiwanda na kukiendesha wenyewe, hadi serikali ilipoingilia kati.

Ndiyo maana mzee alianza na geti, si pesa. Nilipomsukuma kuhusu mshahara alisema haukutosha, lakini alilisema hilo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. La geti alilisema kwa hasira ya jana.

Nikarudi kwenye upande wa kupenda. Kando ya maharage, kipi kingine? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sauti."

Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi nchi nzima kusikiliza vipindi, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Mwaka huo mzee alikuja likizo akakuta kikundi chini ya mwembe, watu wamekaa kuizunguka redio ya chapa ya kwao. Yeye kazi yake ilikuwa kulehemu nyaya mbili tu kwenye kila redio iliyopita mbele yake. Nyaya mbili, siku nzima, mwaka baada ya mwaka, kazi aliyoiona ya kijinga. Lakini pale chini ya mwembe alijua kwamba nyaya zile mbili zikilegea, kijiji kizima hakisikii. "Siku hiyo," aliniambia, "nilikuwa mkubwa kuliko meneja." Yeye mwenyewe redio aliipata kwa kukatwa mshahara kwa miezi, tena kwa mkopo wa kampuni.

Mwisho wa hadithi unafahamika. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, vipuri na malighafi vikakosekana, na viwanda vingi vikafanya kazi kwa kusuasua. Kuanzia 1984 milango ya biashara ilifunguliwa, zikaingia redio za bei rahisi kutoka nje. Ubinafsishaji ulikuja katika miaka ya 1990, na rais aliyeusimamia kwa sehemu kubwa, Benjamin Mkapa, alizaliwa Lupaso, hapahapa Masasi. Mzee alikuwa ameshapunguzwa zamani. Akiba yake ililipwa kwa mkupuo, wakati mfumuko wa bei ukikaribia asilimia 30 kwa mwaka. Alinunua bati za nyumba haraka kabla hazijapanda tena. Bati hizo bado zipo juu ya chumba chake, na ndiyo miaka kumi na minane inayoonekana kwa macho.

Nina lawama ndogo kwetu sisi wapenda vitabu. Shafi Adam Shafi aliwapa makuli wa bandari ya Zanzibar riwaya yao, Kuli, mwaka 1979, na kwa sababu yake mgomo wa 1948 una sura na jasho katika vichwa vya wasomaji. Waliokaa kwenye mistari ya redio na betri mimi sijawakuta kwenye riwaya yoyote niliyosoma. Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja. Habari zao zikipotea, zitabaki za waajiri peke yake: tarehe za kuanzishwa, kanuni za asubuhi, picha za waasisi.

Kabla sijaondoka, mjukuu wake aliingia. Yeye ni fundi simu hapo mjini. Hapekuliwi getini, haombi ruhusa ya choo. Hana pia ovaroli, wala akiba ya uzeeni, wala tarehe ya mshahara. Nikamuuliza mzee, kati yenu nani ana kazi nzuri?

Akaiwasha ile redio. Ilikoroma, ikatulia, ikaanza kusema. "Kule sikuwahi kuunda redio nzima hata moja," alisema. "Nimeanza kuitengeneza nzima nilipofika hapa. Lakini kama nisingepewa zile nyaya mbili, huyu naye asingejua kushika risasi." Kisha akamgeukia mjukuu: "Ila wewe, bwana, weka akiba."

Chaja yangu ilipona. Alinitoza shilingi elfu mbili, akakataa katakata nisimwongezee.