Sahani za Santuri na Kumbukumbu za Watu

Kumbukumbu ya mtu haikai kichwani peke yake. Nyingine hukaa katika harufu ya udi, nyingine katika ladha ya chakula cha utotoni, na nyingine katika sauti. Vijana wa Uingereza na Marekani waliokua katika miaka ya 1960 na 1970 waliziweka zao, nyingi kupita kiasi, katika sahani ndefu za santuri zenye muziki wa roki. Mpaka leo wazee hao husema, hii niliinunua mwaka niliooa, na hii ilikuwa ikilia nyumbani ndugu yangu alipokwenda vitani Vietnam. Inafaa kuuliza kwa nini kipande cha plastiki kilipata amana kubwa namna hiyo.

Zamani sahani ilikuwa nzito, rahisi kuvunjika, na ilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa ile ya kawaida ulichukua dakika tatu hivi za muziki. Siti binti Saad wa Unguja aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri, hiyo ndiyo nafasi aliyopewa. Wimbo mrefu ulipaswa kufupishwa au kugawanywa pande mbili. Mwezi wa Juni 1948 kampuni ya Columbia ilionyesha mjini New York sahani ya namna mpya, ya plastiki, iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Upande wake mmoja uliweza kuchukua zaidi ya dakika 20. Kwa mabadiliko hayo msanii alipata uwanja, naye msikilizaji alipata sababu ya kukaa kitako.

Hata hivyo, wanamuziki wa vijana hawakuutumia uwanja huo mara moja. Kwa miaka mingi sahani ndefu ilikuwa kama kapu: nyimbo mbili tatu zilizopendwa zilitiwa ndani yake, na nyingine za kujazia nafasi. Mwishoni mwa mwaka 1965 kundi la Beatles lilitoa Rubber Soul. Brian Wilson wa Beach Boys, aliyekuwa California, aliisikia akaona kuwa sahani nzima yaweza kuwa kazi moja isiyo na makapi. Jibu lake lilikuwa Pet Sounds, ya mwaka 1966. Beatles nao waliisikia, na mwaka 1967 wakatoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Walijibizana kama washairi wa pwani wajibizanavyo kwa beti, ila wao bahari ya Atlantiki ilikuwa kati yao.

Kuna jambo jingine lililowasukuma Beatles. Tarehe 29 Agosti 1966, mjini San Francisco, walimaliza ziara yao ya mwisho ya kuimbia umma. Makelele ya wapenzi wao yalikuwa makubwa hata wenyewe hawakuweza kujisikia vema. Wakaingia chumba cha kutilia sauti, wakatumia miezi mingi na mitambo michache, wakatengeneza muziki usiotazamiwa kupigwa jukwaani. Maneno ya nyimbo zote yalipigwa chapa nyuma ya jalada, jambo ambalo halikuwa desturi katika muziki huo. Tangu hapo sahani ikawa na kitu cha kusomwa, kama kitabu.

Hapa ndipo ilipo siri ya kumbukumbu. Sahani ndefu ilimtaka mtu afuate mpango wake. Alipaswa kuitoa katika jalada, kuifuta vumbi, kuweka sindano, na upande wa kwanza ulipokwisha, kuinuka na kuigeuza. Alizisikia nyimbo kwa taratibu ile ile mara mia, mpaka wimbo mmoja ulipokoma sikio lake likawa tayari linaungoja wa pili. Hata mikwaruzo ilikuwa yake peke yake. Nakala milioni zilitoka kiwandani sawasawa, lakini baada ya mwaka hapana mbili zilizofanana.

Miongoni mwa sahani hizo, mbili nazipenda kupita nyingine. Ya kwanza ni Wish You Were Here, iliyotolewa na Pink Floyd mwaka 1975, ambayo jina lake ni maneno ya kumtamani asiyekuwapo. Aliyetamaniwa zaidi ni Syd Barrett, mmoja wa waanzilishi wa kundi na mtungaji wake mkuu wa mwanzo, aliyetengana nalo mwaka 1968 baada ya akili yake kuchafuka. Mwezi wa Juni 1975, walipokuwa wakiishughulikia sahani hiyo mjini London, mtu mnene aliyenyoa nywele na nyusi aliingia chumbani. Wenzake hawakumtambua kwa muda. Alikuwa ni Syd mwenyewe. Walikuwa wakimwombolezea kijana waliyemkumbuka, ilhali mtu mzima aliye hai alikuwa mbele yao na macho yao hayakumjua. Aliishi miaka 31 zaidi, akafariki mwaka 2006.

Ya pili ni A Night at the Opera, ya kundi la Queen, nayo ni ya mwaka 1975 pia. Mwimbaji wake, aliyejulikana kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika nyumba ya Waparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Alisomeshwa Bara Hindi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, jamaa yake ilihamia Uingereza. Si haki kudai kuwa roki ya Queen ni taarabu iliyobadili nguo. Ushahidi wa dai hilo hauonekani. Lililo kweli ni kuwa wageni hufika Shangani kuitazama nyumba inayohusishwa naye, wakiongozwa na sahani iliyotengenezwa Uingereza. Unguja ilimlea mtoto, ulimwengu ukamkumbuka mwimbaji, na kumbukumbu hizo mbili hazijawa moja.

Yamkini msomaji atasema kuwa haya ni majivuno ya wazee, ambao kila zama husifu muziki wa ujana wao. Hoja hiyo ina nguvu. Wataalamu wa saikolojia wameona kuwa watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri kati ya miaka 10 na 30 hivi. Basi anayeisifu sahani ya mwaka 1973 aghalabu hujisifu mwenyewe alivyokuwa mwaka 1973. Lakini hilo halipunguzi thamani ya sahani. Laonyesha tu kuwa mna sifa mbili ndani yake, ya msanii na ya msikilizaji, nayo kazi ya mwenye kuandika historia ni kutozichanganya.

Mwaka 1982 ilikuja sahani ndogo ya CD. Tangu mwaka 2003 nyimbo zikauzwa moja moja kwa wingi katika intaneti, na ule mpango wa pande mbili ukavunjika. Hata hivyo, mwaka 2020 mapato ya sahani za plastiki nchini Marekani yaliyashinda ya CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980, na baadhi ya wanunuzi hawakuwa wamezaliwa zilipotoka. Hao hawatafuti ujana uliopita. Wanatafuta kitu kitakachowazuia mahali pamoja kwa dakika arobaini. Ni haja njema, na watakuwa na mikwaruzo yao wenyewe. Sisi tulio na ya zamani tuisikilize, tuwakumbuke waliokwenda. Kisha sindano ikiinuka, tutazame ni nani aliyeingia chumbani.