Shilingi Mbili Zenye Jina Moja: Mas-ala ya Sarf Mpakani Kagera

Anayesafiri kutoka Muleba au Bukoba kwenda Masaka hubadili fedha Mutukula: anatoa shilingi, anapokea shilingi, na hesabu hazilingani. Wapo waumini wanaoona uzito katika hili. Shilingi kwa shilingi, je, si jinsi moja ambayo nyongeza yake ni riba?

Jawabu limo katika tarehe. Wahaya walitumia simbi, kisha ikaja rupia ya Wajerumani. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na shilingi yake ikaenea pande zote mbili za mpaka. Mtu wa Kamachumu na wa Masaka walishika noti ile ile. Zama hizo, aliyetoa mia akapokea mia na tano alikula riba bila shaka.

Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa shilingi yake, na Agosti Uganda ikatoa yake. Mkataba wa Jumuiya wa 1967 ukaagiza zibadilishwe sawa kwa sawa. Hapa ndipo wengi walipochanganya usawa wa bei na umoja wa jinsi. Jumuiya ilivunjika 1977, na mwaka 1987 Uganda ilibadilisha shilingi mia za zamani kwa moja mpya, tena ikakata asilimia 30. Shilingi iliyokuwa mfukoni mwa mtu wa Bukoba haikuguswa. Ingekuwaje jinsi moja?

Baraza la Fiqhi la Makka liliamua kuwa noti hutofautiana jinsi kwa kutofautiana watoaji wake. Basi kuzidiana kunajuzu, kwa hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) katika Sahihi Muslim, lakini kwa sharti la mkono kwa mkono.

Sharti hilo ndilo linalovunjwa. Mfanyabiashara wa kahawa hutoa shilingi za Tanzania leo, bei ikafungwa, na mwenzake akaahidi za Uganda baada ya siku tatu. Hiyo ni riba ya nasia, hata kama bei ni ya soko na wote wameridhika. Akitaka kumsaidia ndugu yake, na amkopeshe za Tanzania, deni libaki la Tanzania. Siku ya malipo wakiridhiana kupokeana za Uganda, watumie bei ya siku hiyo wala wasiachane kukiwa na baki, kama ilivyopokewa kwa Ibn Umar (r.a.) katika dinari na dirham za ngamia wake.