Hattie McDaniel Alishinda Zaidi ya Oscar

Lupita wetu alipochukua Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike mwaka wa 2014, Kenya nzima ilishangilia. Lakini miaka 74 kabla yake, kuna mwanamke mweusi aliyeshinda tuzo hiyo hiyo, na usiku huo hakuruhusiwa hata kukaa meza moja na waigizaji wenzake. Anaitwa Hattie McDaniel. Wasee wengi wanamjua kama yule wa kuigiza mboch tu. Hebu tulia nikupe stori yake.

Hattie alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka wa 1893. Wazazi wake walizaliwa utumwani. Alianza kama mwimbaji na mchekeshaji wa jukwaani, halafu uchumi ukaanguka 1929 na kazi zikakauka. Akaishia kuhudumu chooni kwenye klabu moja karibu na Milwaukee, mpaka siku moja akapewa nafasi ya kuimba. Hapo ndipo watu wakajua kumbe ana kipaji.

Shida ni kwamba Hollywood ya enzi hizo ilimfungulia mtu mweusi mlango mmoja tu: ule wa jikoni. Hattie akaigiza mfanyakazi wa nyumba, filamu baada ya filamu. Mwaka wa 1939 ikaja Gone with the Wind. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, yeye hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Februari 1940 akashinda Oscar, kwenye hoteli ambayo haikuruhusu weusi. Ilibidi aombewe ruhusa maalum ya kuingia, kisha akawekwa kwenye kameza kando ya ukuta.

Na si wazungu tu waliomsumbua. Viongozi wa NAACP, shirika la kutetea haki za weusi, walilalamika kwamba kazi kama zake zinawadhalilisha weusi. Ukweli usemwe, walikuwa na pointi, maana filamu ile inaupamba utumwa.

Lakini angalia alichofanya na pesa zake. Alinunua nyumba kubwa Los Angeles, mtaa wa Sugar Hill, ambapo hati za nyumba zilikuwa na sharti kwamba weusi wasiishi huko. Baadhi ya majirani wazungu wakaenda kortini wafurushwe. Hattie na wenzake wakasimama imara, wakili wao akiwa Loren Miller, na Desemba 1945 jaji akaitupa kesi nje. Miaka mitatu baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hakuna korti inayoweza kutekeleza masharti kama hayo popote nchini.

Yaani yule mama wa kufungua milango ya mabosi kwenye sinema alisaidia kuwafungulia watu milango ya nyumba zao wenyewe.

Alifariki 1952. Makaburi ya Hollywood aliyotaka kuzikwa yalimkataa kwa rangi yake. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, na huko ikapotea. Ilichukua hadi 2023 kwa chuo kupewa nyingine.

Kwa hivyo, kabla ya kumcheka mtu kwa kazi anayofanya, uliza kwanza alikuwa na milango mingapi. Halafu uliza alipoingia ndani, alimfungulia nani mwingine.