Noeli Ikikaribia, Bei Huvuka Mto

Baba yangu alivuka daraja la Rusizi ya Kwanza akiwa na redio begani, na redio yenyewe ikiimba kwa sauti ya juu kabisa. Ilikuwa Desemba 1988, siku nne kabla ya Noeli. Katoni aliiacha Bukavu, nchini Zaire, ambayo leo ni Kongo, kwenye kibaraza cha duka alikonunua. Betri sita kubwa alizinunua palepale, akazitia, akatafuta stesheni yenye rumba, akaanza kuteremka kuelekea mpakani.

Miaka hiyo sisi wa Cyangugu, upande wa Rwanda, tuliamini kwamba redio inayoimba haitozwi ushuru. Iliyonyamaza ndani ya katoni ni bidhaa, lakini inayoimba begani ni mali ya mtu, ametoka nayo kwake asubuhi na sasa anarudi nayo. Afisa wa forodha alimtazama baba juu hadi chini, akamuuliza, "Mwalimu, hiyo redio yako inajua nyimbo za ng'ambo tu?" Kisha akampisha. Tulikula Noeli ile na rumba, na majirani walikaa uani kwetu hadi betri zikaanza kulegea.

Nimeikumbuka redio ile kila Desemba ninapowaona vijana wa Kamembe hapa kwetu wakizunguka kutafuta simu na televisheni za bei nafuu. Siku hizi maduka hubandika mabango ya promosheni, na neno Black Friday limetufikia kutoka Marekani. Hapa kwetu, hata hivyo, nafuu ya bei haikuanzia dukani. Ilianzia mtoni. Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kushuka hadi Tanganyika, na kwa miaka zaidi ya 60 umetenganisha fedha mbili, kodi za namna mbili, na mara nyingi amani na vita. Bidhaa ya umeme imekuwa rahisi upande huu au upande ule kulingana na yaliyowapata watu wa kila upande.

Zamani za Wabelgiji tofauti hiyo haikuwapo. Tangu 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo, faranga ilikuwa moja, na Bukavu, iliyokuwa ikiitwa Costermansville, ndiyo iliyokuwa mji wenye maduka. Mtu wa Cyangugu aliyetaka gramafoni aliitazama kwenye kioo cha duka la ng'ambo, na wengi waliishia kuitazama tu. Kilichobadilisha mambo ni transista. Redio ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kwa umma, Regency TR-1, iliingia madukani Marekani mwishoni mwa 1954, ikilengwa kwa wanunuzi wa Krismasi, kwa dola 49.95. Ilichukua miaka kadhaa kwa ndugu zake wa bei nafuu kutufikia, lakini zilipofika zilifika kwa wakati wake, kwa sababu Radio Rwanda ilianza kutangaza mwaka 1961. Ghafla palikuwa na sauti ya kusikilizwa kwa Kinyarwanda, na chombo cha kuisikilizia kisichohitaji waya.

Hilo la waya lina uchungu wake. Bwawa la Rusizi ya Kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, pale mto unapotoka ziwani. La Rusizi ya Pili, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Zaire, lilikamilika mwaka 1989. Watu wa vilima vyetu walisikia maji yakiunguruma kwenye mitambo huku wao wakianika betri juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Kwa hiyo kwa muda mrefu "kununua elektroniki" huku kwetu kulimaanisha kununua redio ya betri, na bei yake kamili ilijumuisha betri za mwaka mzima.

Rwanda ilipata faranga yake mwaka 1964. Kongo ikaleta zaire mwaka 1967, na zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwenye zaire mfukoni alikuwa mtu. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Bukavu maduka mengi yalikuwa ya Wagiriki, Wareno na Waasia. Waliokabidhiwa wengi hawakuwa na mawasiliano na wauzaji wa nje, wakauza kilichokuwa rafuni na kushindwa kujaza tena. Mji uliokuwa ukituuzia ukaanza kuvuka kuja kwetu kununua.

Na hapo ndipo ilipoangukia Noeli ambayo wazee wa Kamembe hawajaisahau. Tarehe 25 Desemba 1979, sikukuu yenyewe, serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Mipaka ikafungwa. Raia walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kwa kiwango chenye ukomo. Hebu fikiria nini maana yake kwa mfanyabiashara wa mpakani. Wiki mbili za kabla ya Noeli ndizo wiki zake za mwaka mzima, na noti za 5 na 10 ndizo zilizojaa kwenye sanduku lake. Alilala na mali, akaamka na karatasi. Niliambiwa utotoni habari za mzee mmoja aliyewapa wajukuu wake mabunda ya zaire wachezee duka. Walikuwa na duka tajiri kuliko yote mtaani.

Tangu hapo watu wa mtoni walijifunza kutolala na fedha ya Zaire. Ukiipata leo, igeuze leo: iwe dola, iwe faranga, iwe kitu. Redio ilikuwa kitu kizuri cha namna hiyo, maana haiozi kama samaki na inabebeka kwa mkono mmoja. Hata kambisti, yule mbadilisha fedha wa Bukavu aliyekaa na mabunda yake kwenye meza ndogo, alikuwa na redio mbili tatu chini ya meza.

Septemba 1983 Zaire iliishusha thamani fedha yake kwa zaidi ya robo tatu. Faranga ya Rwanda wakati huo ilishikiliwa imara na Benki Kuu, na haikushushwa hadi Novemba 1990, mwezi mmoja baada ya vita kuanza nchini mwetu. Katikati hapo pana miaka saba. Hiyo ndiyo miaka ambayo mwalimu wa shule ya msingi wa Cyangugu, mwenye faranga za ikimina, yaani chama cha akiba, zilizogawanywa Desemba, aliweza kuvuka daraja na kurudi na redio-kaseti. Baba hakuwahi kusoma habari za viwango vya fedha. Alijua tu kwamba "ng'ambo kumeshuka." Nilipokuwa mtu mzima na kuzilinganisha tarehe hizo, ndipo nilipoelewa kwamba furaha yetu ya 1988 ilinunuliwa kwa mishahara ya walimu wenzake wa Bukavu, ambayo ilikuwa imeyeyuka.

Kuna fumbo lililonitatiza zaidi. Redio nyingi zilizouzwa Bukavu zilikuwa zimepita Rwanda kwanza. Zilishushwa Mombasa au Dar es Salaam, zikapanda malori, zikavuka nchi yetu nzima na msitu wa Nyungwe, zikapita mbele ya nyumba zetu Kamembe. Iweje kitu kilichosafiri mbali zaidi kiwe rahisi zaidi? Jibu liko kwenye lakiri. Mzigo wa transiti hufungwa kwa lakiri ya forodha, na Rwanda haitozi ushuru wake kwa sababu unaelekea nchi nyingine. Ukifika ng'ambo, ushuru wa huko, enzi za Zaire na hata baadaye, mara nyingi ulikuwa jambo la maelewano. Basi redio ilivuka daraja mchana ikiwa ndani ya lori, na usiku ikarudi na mtumbwi. Neno la kazi hiyo ni la Kiswahili, magendo, na Kinyarwanda kimelichukua kwa kulibadili kidogo tu: magendu. Vivyo hivyo nguo za mitumba tunaziita caguwa, yaani chagua. Soko la mpakani limetufundisha Kiswahili kingi kuliko darasa, miaka mingi kabla Bunge halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994 nitasema machache, kwa heshima ya waliokufa. Redio ambazo watu walizipenda zilitumika kuwaua. Mamia ya maelfu walivuka Rusizi kwenda Bukavu mwezi Julai, na Agosti mwaka huo ikaanzishwa hukohuko Radio Agatashya, ya kuwasaidia wakimbizi kupata habari na kutafutana. Wapo waliouza godoro wakabaki na redio.

Baadaye ikaja biashara iliyogeuza mtazamo wangu kuhusu neno "bei nafuu". Mwishoni mwa 2000, viwanda vya simu na kompyuta duniani vilikuwa vikigombea tantali, madini yanayotolewa kwenye koltani ya Kivu na kutiwa ndani ya vifaa vidogo vinavyotunza chaji. Bei ikapanda mara kadhaa kwa miezi michache. Vijana wa Kivu Kusini waliacha mashamba na shule wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaporomoka, wakabaki na mashimo. Wakati wateja wa Ulaya na Marekani wakipanga foleni za Krismasi kwa vifaa vipya, udongo wa milima tunayoiona kutoka Kamembe ulikuwa ndani ya vifaa hivyo. Na vilipochakaa, baadhi vilirudi kwetu kwa jina la okazyo, yaani mitumba.

Simu za mkononi zilianza Rwanda mwaka 1998, na katika miaka kumi hivi zikachukua nafasi ya redio kwenye ndoto za Desemba. Ujuzi wa kununua ukabadilika. Redio ulikuwa ukiipima kwa mkono, kwa sababu nyepesi mno ina sumaku ndogo na spika yake itakoroma. Ulihesabu vipande vya antena na kutazama kama skrubu za nyuma zimekwaruzwa, maana skrubu iliyokwaruzwa imeshafunguliwa na fundi. Ulisoma jina herufi kwa herufi, kwani herufi moja iliyozidi ilikuwa tofauti ya miaka kumi ya maisha. Kwa simu, unabonyeza *#06#, zinatokea namba 15, unazilinganisha na zilizoandikwa chini ya betri na kwenye katoni. Muuzaji mkweli hukungojea umalize. Muuzaji mwingine hukuambia, "Papa, hii haiko ya kuiga, kwa nini unapoteza muda?" Ukisikia hivyo, poteza muda zaidi.

Mimi sikupoteza wa kutosha. Desemba 2009 nilinunua simu ya laini tatu yenye antena ya televisheni, kwenye duka nisilolitaja, kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Kufikia Pasaka betri ilikuwa imevimba kama andazi. Sikuwa peke yangu katika ukanda huu. Kenya ilizizima simu bandia zaidi ya milioni moja na nusu mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafuata Juni 2016. Nyuma ya kila simu iliyozimwa alikuwapo mtu aliyedhani amepata.

Wakati huo nafuu ilikuwa imeanza kuhamia upande wetu. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwa zaidi ya miaka kumi ilisamehe simu kodi ya ongezeko la thamani. Umeme ukapanda vilima. Matangazo ya analojia yalipozimwa mwaka 2014, zile televisheni za kichogo zikawa mzigo wa kutupa, na bapa zikaanza kupita daraja kuelekea Bukavu. Watu wa ng'ambo walikuja na jeto, yaani vibali vyao vya kuvukia, wakanunua Kamembe kwa sababu ya risiti ya EBM, mashine ya kodi, na ya kuweza kurudisha kitu kikiharibika. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa ajili ya korona, na Juni wilaya yetu yote ikawekwa karantini. Noeli ya mwaka ule tuliangaliana na Bukavu kuvuka maji.

Kisha ukaja 2025. Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu, na benki za huko zikafunga milango. Mwaka huohuo Rwanda iliondoa msamaha wa kodi kwa simu, kwa hiyo asilimia 18 imerudi. Mteja anayedai risiti hurudishiwa sehemu ya kumi ya kodi hiyo kwenye simu yake, tangu 2024, nami nawasihi wenzangu waidai. Kuhusu wakati wa kununua, nina ushauri wangu wa miaka mingi: usinunue wiki ya Noeli. Ngoja Bonane, yaani Mwaka Mpya, ipite, ngoja juma la pili la Januari, ada za shule zinapombana kila mtu, mwenye duka akiwamo. Hapo ndipo bei ya mwisho inakuwa ya mwisho kweli. Lakini ni nani atakayemwambia mtoto angoje Januari? Baba hakungoja.

Redio yake iko kwa mama mpaka leo, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kasha la betri limeliwa na kutu na mlango wa kaseti hauna chemchemi. Nilipendekeza niipeleke Bugesera, kwenye kiwanda kinachochakata taka za elektroniki. Mama alinitazama kama niliyependekeza kumpeleka baba. Alisema bado inaimba, ila lazima uigonge kidogo ubavuni. Jumapili iliyopita niliichomeka ukutani, nikaigonga.

Iliimba.